Ndimu Haiyeyushi Mafuta ya Mwili

Swali limerudi tena, safari hii kutoka kwa binti wa hapa Chumbageni, Tanga: “Dokta, nikila sushi kisha nikanywa maji moto ya ndimu, tumbo litapungua?” Kabla ya sushi niliulizwa hivyo hivyo kuhusu samaki wa kuchoma, na kabla yake supu ya pweza. Chakula kinabadilika, ndimu iko pale pale.

Sushi niimalize upesi. Ni wali mweupe uliotiwa siki, sukari na chumvi, mara nyingi ukaviringwa kwa mwani pamoja na samaki au mboga. Mviringo mmoja wa vipande 6 hadi 8 hubeba wali wa karibu kikombe kizima, yaani kalori zipatazo 200 kabla samaki hajahesabiwa. Anayepunguza mwili anaweza kula mmoja. Akila mitatu yenye mayonezi na kamba wa kukaanga, asishangae mizani isiposhuka.

Ndimu ndiyo inayonikera. Imani hii imezaliwa jikoni. Mpishi wa pwani akikamulia ndimu samaki mbichi, nyama hugeuka nyeupe na shombo hukata. Basi watu husema ndimu “inapika”, na kama inapika samaki, itashindwaje na kitambi? Kilichogeuka pale ni protini, iliyofumuliwa na asidi. Hata minyoo ya samaki haifi kwa ndimu, ndiyo maana samaki wa kuliwa mbichi hugandishwa kwanza kwa siku 7 kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mafuta nayo hayaguswi. Asiyeamini amimine mafuta ya kupikia kwenye glasi, akamulie ndimu 3, akoroge, asubiri. Yataelea juu vilevile.

Na hapo kwenye glasi vimechanganywa. Mwilini ndimu haifiki kabisa yaliko mafuta. Tumbo lina asidi yake kali, na haijawahi kumpunguza mtu kiuno. Maji ya ndimu yakishuka kwenye utumbo mdogo, majimaji ya kongosho huzima ukali wake. Damu hubaki kwenye pH ya 7.35 hadi 7.45, unywe ndimu usinywe. Mafuta ya kiunoni yamefungiwa ndani ya seli, na akiba hiyo hupungua pale tu mwili unapopata nishati pungufu kuliko unayotumia. Tena hayaendi chooni. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walionyesha katika jarida la BMJ kwamba kilo 10 za mafuta zikiunguzwa, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama kabonidioksaidi, na zinazobaki huwa maji.

Kinywaji cha ndimu kali kila asubuhi hula tabaka gumu la meno na kumchokoza mwenye vidonda vya tumbo. Nakasirika zaidi nikiona kinauzwa kwa chupa kama dawa, kwa fedha ambazo zingenunua samaki.

La kufanya? Nenda soko la Deep Sea, nunua changu: gramu 100 zina kalori kama 100 na protini karibu gramu 20. Mchome au mpike mchuzi wa nyanya, usimzamishe kwenye mafuta, maana kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120. Wali kikombe kimoja. Wa nazi uwe wa siku moja moja, kwani robo kikombe cha tui zito huongeza kalori zaidi ya 100. Nusu ya sahani iwe mchicha au matembele. Soda acha. Tembea hadi Raskazone, dakika 150 kwa wiki zitimie. Sushi ukiipata, punguza sosi ya soya: kijiko kikubwa kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Ndimu kamulia samaki upendavyo, kwa ladha.

Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge amwone kwanza daktari wake kabla ya kupunguza chakula, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla akazimia.