Trela Mbili Mlimani: Pini ya Mbele Hubeba Zote

Miwa inapovunwa, barabara za Awendo katika Kaunti ya Migori na za Ndhiwa katika Kaunti ya Homa Bay hujaa trekta zinazoelekea viwandani, nyingine na trela moja, nyingine mbili. Mwanafunzi wa sekondari anayeumwa kichwa na swali la fizikia kuhusu vitu vilivyofungwa pamoja kwenye mteremko angeweza kulitazama likimpita barabarani huku likitoa moshi.

Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Trekta ina tani 4, na kila trela, pamoja na miwa yake, ina tani 8. Jumla ni tani 20. Barabara inapanda mita 1 kwa kila mita 20 za mwendo.

Dunia huivuta kila tani kwa kani ya nyutoni 10,000 hivi. Sehemu kubwa ya kani hiyo hukandamiza barabara tu. Inayorudisha mzigo nyuma ni moja kwa ishirini, yaani nyutoni 500 kwa tani. Ukinzani wa magurudumu kwenye barabara ya murram tuukadirie kuwa nyutoni 300 kwa tani. Basi kupanda kwa mwendo usiobadilika kunadai nyutoni 800 kwa kila tani. Dereva akitaka mwendo uongezeke kwa mita 0.2 kwa sekunde katika kila sekunde, na huo ndio mchapuko, kanuni ya pili ya Newton, iliyochapishwa mwaka 1687, inadai nyutoni 200 zaidi. Sasa kila tani inagharimu nyutoni 1,000.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mchapuko ni mmoja kwa trekta na trela zote, kwa kuwa zimefungana. Kani katika viungo si moja. Matairi ya trekta hutoa nyutoni 20,000 kwa sababu yanahamisha tani zote 20. Pini ya mbele, inayoshika trekta na trela ya kwanza, huvuta tani 16 zilizo nyuma yake: nyutoni 16,000. Pini ya pili huvuta tani 8 tu: nyutoni 8,000. Ukitaka kujua kiungo kinabeba nini, hesabu kilicho nyuma yake.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba viungo vimekaza. Tundu la pini likishalika, trekta huondoka kwanza, kisha trela ya kwanza inashtuka, halafu ya pili, na kila mshtuko husikika kwa mlio wa chuma kugonga chuma. Katika nukta hiyo pini hupigwa kwa kani inayozidi sana ile tuliyoipigia hesabu. Ndiyo maana dereva mzoefu huachia klachi taratibu.

Mvua nayo ina hesabu yake. Matairi yanayovuta hushika barabara kulingana na uzito unaoyakalia. Ukiongeza miwa kwenye trela ya nyuma, kani inayohitajika hupanda, lakini mshiko wa matairi ya trekta hauongezeki. Murram ikilowa, magurudumu huzunguka papo hapo hata injini ikiwa na nguvu za kutosha.

Tuseme pini ya mbele imekatika mlimani. Trela husimama, kisha huanza kurudi nyuma. Ukinzani wa magurudumu sasa hubadili upande na kuzuia kushuka, hivyo zinabaki nyutoni 200 kwa tani, na mchapuko wa 0.2. Baada ya mita 100, tani 16 zitakuwa zikienda kilomita 23 hivi kwa saa bila dereva. Trela tupu nayo ingefikia mwendo huo huo, kwani uzito haubadili mchapuko huu. Unachobadili ni kishindo cha mgongano.

Trekta ikishuka barabara hiyo hiyo, viungo hugeuka kutoka kuvuta na kuwa vya kusukuma. Ikiwa ni trekta pekee yenye breki, na dereva anataka kupunguza mwendo kwa mita 0.5 kwa sekunde kila sekunde, breki zake zinapaswa kutoa nyutoni 14,000. Kati ya hizo, 11,200 ni za kupambana na trela zinazomsukuma kutoka nyuma. Trekta ikiwa imekaa upande kidogo, msukumo huo unaweza kuizungusha.

Kwa hiyo, mwenye trekta, kagua pini ya mbele kabla ya zote, ibadilishe inapoanza kulika, na hakikisha trela zina breki zinazofanya kazi. Dereva, ingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko. Na mzazi, mkataze mtoto kuning'inia kwenye trela akichomoa miwa, hasa mlimani ambako mwendo wa polepole humdanganya: tani 16 zilizo mbele ya macho yake zimeshikwa na pini moja.