Mura haitwi mtu hivihivi

"Mura, Sirari?" Kondakta wa stendi ya Tarime hana haja ya kumjua abiria jina, kijana yeyote mwenye begi ataitika. Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo, neno hilohilo hupachikwa kwa kila mwenye lafudhi ya Mara, awe Mkurya, Mjita au Mzanaki, na mara nyingi huja na utani wa panga na hasira za karibu.

Kwa Wakurya wenyewe, neno hili lina masharti. Katika Kikurya, abamura ni vijana wa kiume waliokwisha kutahiriwa. Wakisii wa Kenya nao wanalo: omomura. Mtaani limebaki shina tupu, mura. Kabla ya jando mvulana ni mchunga ng'ombe tu, hata awe na kifua kipana namna gani. Akishatoka kwa ngariba anakuwa na wenzake wa saro moja, yaani waliotahiriwa pamoja, anaweza kuoa, na zamani yowe likipigwa usiku kwamba mifugo imeibwa, yeye ndiye aliyetakiwa kutoka mbio.

Ukali unaosikika katika neno hilo leo una historia yake. Wakurya waliandikishwa kwa wingi katika jeshi la mkoloni la KAR, kisha JWTZ. Michael Fleisher, mwanaanthropolojia aliyeandika kuhusu wizi wa ng'ombe Tarime, ameeleza jinsi bunduki zilivyoingia katika wizi huo baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sifa ya askari na sifa mbaya ya mwizi wa mifugo zikaangukia jina moja. Ni dhuluma kwa neno lililokuwa heshima ya rika zima.

Wilayani Rorya, iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, badala ya mura utasikia omera. Hilo ni la Wajaluo, maana yake ndugu, na halihusiani na jando.

Lakini msimu wa jando unaowapa wavulana wa Kikurya jina la mura huwatisha dada zao. Sheria ya 1998 inakataza kukeketa wasichana walio chini ya miaka 18, na bado ikifika Desemba, shule zikiwa zimefungwa, wapo wanaotoroka usiku. Mugumu, wilayani Serengeti, Rhobi Samwelly na shirika lake la Hope for Girls and Women huwapokea katika nyumba salama. Msimu ukipita, wazazi huitwa kuzungumza. Wengine hukubali kumrudisha binti yao bila kumkeketa. Wengine hukataa, na binti hubaki hukohuko Mugumu akiendelea na masomo.