Dereva, hesabu mpaka tatu!

Wewe unayeendesha motokari ya kazi, jibu swali hili: kamyo iliyo mbele yako ikisimama sasa hivi, wewe utasimama wapi?

Wengi hujibu: «Freni zangu ni nzuri.» Freni nzuri hazitoshi. Kwanza jicho lione, kichwa kielewe, kisha mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye freni. Kazi hiyo huchukua sekunde moja, na mtu aliyechoka huchukua zaidi. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, motokari hukata karibu mita 17 kila sekunde. Basi umekwisha kwenda mita 17 na freni haijashika hata kidogo! Na ukizidisha mwendo mara mbili, njia unayohitaji baada ya freni kushika huwa ndefu mara nne.

Pima hivi. Chagua mti au nguzo kando ya njia. Kamyo ya mbele ikipita pale, anza kuhesabu polepole: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Ukifika pale kabla ya kumaliza, uko karibu mno. Punguza mwendo, upime tena. Kwa kilometa 60, sekunde tatu ni mita 50. Hiyo ni kwa motokari ndogo na njia kavu. Ukiwa na mzigo, au mvua ikinyesha, hesabu mpaka sita.

Na Kisangani iko karibu na ikweta, mvua haipumziki sana. Udongo mwekundu wa njia ya Bafwasende ukiloa huteleza kama sabuni. Ukikauka, kamyo huacha nyuma yake ukuta wa vumbi. Ndani ya vumbi hilo kuna mashimo, kuna mama aliyebeba mihogo, kuna baiskeli za toleka (jina la Kilingala, «tupite», na kweli hupita popote). Hapo usihesabu. Rudi nyuma mpaka uone njia yenyewe. Usifuate taa za kamyo, maana nyingi hazina taa ya freni inayowaka.

Kwenye mlima wenye matope, kaa chini kabisa mpaka kamyo ifike juu. Ikikwama hurudi nyuma, na kipande cha mti ambacho msaidizi hutia chini ya gurudumu hakishiki kila mara. Kwenye daraja la mbao, ngoja ng'ambo hii mpaka mwenzako atoke ng'ambo ile.

Jambo jingine. Motokari nyingi zinazotoka upande wa Kampala zina usukani wa kuume, nasi Kongo tunaendesha upande wa kuume. Ukijibana nyuma ya kamyo, huoni mbele mpaka utoe karibu nusu ya motokari katika njia ya wanaokuja. Ukikaa mbali, unaona bila kujitoa.

Kamyo ya mafuta ipe nafasi kubwa kuliko zote. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, kati ya Uvira na Bukavu, kamyo ya mafuta ilipinduka. Mafuta yakamwagika, watu wakakaribia, moto ukawaka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Baadhi yao walikuwa wakitazama mpira wa Kombe la Dunia tu. Ukiona kamyo ya namna hiyo imelala, simama mbali, zima mashine, na uzuie wanaokufuata.

Utasema: mkubwa wa kazi ananipigia simu, anauliza niko wapi. Tufanye hesabu. Toka Kisangani mpaka Bafwasende ni zaidi ya kilometa 200. Ukikaa sekunde tatu nyuma ya kamyo safari nzima, utafika sekunde tatu baada yake. Pikipiki ikijiingiza katika nafasi yako, iache, rudi nyuma tena: umepoteza sekunde tatu nyingine. Mkubwa gani atakugombeza kwa hizo?

Nanyi mama wa nyumba, mnapopanda motokari ya kazi kurudi mjini, msikae kimya. Mpeni mtoto kazi ya kuhesabu kwa sauti kila kamyo ya mbele ipitapo mti. Akifika mbili tu na mti umekwisha pita, mwambieni baba apunguze.