Shule Zikifungwa, Damu Itatoka Wapi?

Kila mwaka, Oktoba inapoelekea ukingoni, wanafunzi wetu wengi huenda likizo ndefu nasi walimu tukashusha pumzi. Aghalabu hatukumbuki kwamba wakati uo huo mlango mkuu wa damu ya taifa hili nao hufungwa, kwani sehemu kubwa ya damu itolewayo kwa hiari nchini Kenya hutoka kwa wanafunzi wa shule za upili na vyuo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, akiba hiyo ilididimia.

Mama aliyejifungua ni miongoni mwa wanaoumia kwanza. Mimba inapotimu, nusu lita ya damu au zaidi hupita katika mji wa mimba kila dakika. Kondo likishatoka, sharti misuli ya mji huo ijikaze na kuibana mishipa. Isipojikaza, damu humwagika mfululizo. Nakiri kwamba utabibu umepiga hatua. Utafiti wa hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kuipima mapema damu inayotoka na kutoa matibabu kwa pamoja hupunguza madhara makubwa kwa asilimia 60. Lakini aliyekwisha kupoteza lita mbili hatoshelezwi na dawa. Anahitaji damu ya binadamu mwenzake, tena papo hapo.

Wako watakaosema wanafunzi watoe damu nyingi kabla ya kufunga shule. Hesabu hiyo haitimii. Damu katika jokofu hudumu takriban siku 35. Itolewayo mwishoni mwa Oktoba huharibika mwanzoni mwa Desemba, na shule hufunguliwa Januari!

Umri unaokubaliwa ni miaka 16 hadi 65. Je, kwa nini mzigo huu tumemtwika wa miaka 16? Nimewaona walimu wenzangu wakiwapanga wanafunzi foleni siku ya kutoa damu, kisha wakarejea chumbani mwao kunywa chai. Wenye afya na uzani wa kilo 50 hawakosekani humo.

Napendekeza vyama vya walimu, makanisa na misikiti viweke siku zao za kutoa damu mwishoni mwa Novemba na katikati ya Desemba, wakati mifuko iliyojazwa shuleni inapokwisha.