Maiko, Pori Lisilotembelewa

Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za Mbuga ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika nzima. Lakini mwalimu akiuliza darasani, "Maiko iko wapi?" nadhani mikono itakayoinuka ni michache. Na hali Maiko ni msitu wa nchi yetu wenyewe! Ukubwa wake wapita kilometa za mraba 10,000, nao umetandaa katika mikoa mitatu: Tshopo, Maniema na Kivu ya Kaskazini.

Atokaye Kisangani hushika barabara ya Lubutu, safari ya kilometa zaidi ya 200. Akiiacha barabara hiyo kuelekea msituni, motokari haina kazi tena: ni miguu, wachukuzi wa mizigo, na mtumbwi mahali pa mito. Lazima kwanza apate ruhusa ya ICCN, ndiyo taasisi ya serikali inayolinda mapori ya Kongo. Tena lazima apate mwenyeji, Mkumu kwa mfano, ajuaye njia. Asiyekuwa na mtu huyo atarudi bila kuona kitu, kama akirudi.

Maana Maiko si kama nyanda za Rwindi kule Virunga, ambako wanyama huonekana wazi. Hapa jua lenyewe hupenya kwa shida, na macho hayafiki mbali. Okapi, jamaa ya twiga, mwenye mistari myeupe mapajani, hutembea peke yake, na masikio yake makubwa humpasha habari mapema. Gorila nao hutandika vitanda vipya vya majani kila jioni. Mwenyeji huvihesabu asubuhi, akajua kundi ni la wangapi, wala hajamwona hata mmoja.

Yuko pia tausi wa Kongo. Mwaka 1913, huko Avakubi katika Ituri, mtaalamu Mmarekani James Chapin aliona unyoya katika kofia ya mwenyeji. Hakujua ni wa ndege gani, akautunza. Miaka 23 ikapita. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa kuwa ni tausi wachanga wa Bara Hindi. Kumbe unyoya wake ulikuwa wa aina ile! Ulimwengu ukatangaziwa ndege mpya. Mpya kwa nani? Mwenye kofia alikuwa amekwisha kumfahamu.

Basi, kwa nini pori hili halitembelewi? Umbali si sababu pekee. Waasi wa Simba waliposhindwa katika vita vya mwaka 1964, baadhi yao walikimbilia humo. Serikali ilipotangaza Maiko kuwa mbuga ya taifa, mwaka 1970, walikuwa bado ndani. Mipaka ikachorwa juu ya watu wenye silaha, na juu ya vijiji vilivyozoea kuwinda humo tangu zamani. Haifai tuwalaumu wanavijiji upesi: mtu aliyeambiwa kwamba shamba la babu yake ni mali ya taifa, naye hakupata kitu, atalipendaje taifa hilo?

Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilizidisha taabu. Bunduki zilienea, wachimba madini wakaingia misituni, na mchimbaji mwenye njaa hula nyama ya pori. Gorila wa mashariki mwa Kongo, ambao aina yao haipatikani katika nchi nyingine yoyote, walikisiwa kuwa 17,000 hivi katika miaka ya 1990. Hesabu iliyotolewa mwaka 2016 ilisema hawafiki 4,000. Ile ya mwaka 2021, iliyofanywa kwa uangalifu zaidi, ilisema 6,800. Gorila jike huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka minne au zaidi kabla ya kuzaa mwingine. Mtego wa waya wa siku moja waweza kumaliza kazi ya miaka kumi.

Walinzi wa mbuga huingia kwa miguu wakiwa na mzigo wa chakula mgongoni. Wakirudi, daftari lao huonyesha vitanda vingapi vya gorila, nyayo ngapi za okapi, na mitego mingapi iliyong'olewa.