Je, Wajua? Kopo la Zege Linaongeza Mbio!

Je, wajua kwamba kopo la rangi la lita 4 ukilijaza zege likakauka, unapata karibu kilo 10? Huo ndio uzito wa ile sahani ya kijani wanayonyanyua kwenye Olimpiki! Chomeka bomba kati ya makopo mawili, na hapo uani kwako Tandale au Mtoni umeshafungua jimu. Ila angalizo: ndoo nzima ya lita 20 inakaribia kilo 48, kwa hiyo usianze na hiyo kwa sifa.

Na saruji? Kiwanda cha Wazo Hill kipo Kinondoni, wilaya ile ile ya Tandale, na kinazalisha tangu 1966. Mfuko mmoja ni kilo 50. Sasa sikia hili: mwaka 2021, Lasha Talakhadze wa Georgia aliinua kilo 267 hadi juu ya kichwa. Mifuko mitano, na chenji ya kilo 17 inabaki!

Je, wajua kwamba nguvu huja kabla ya kifua kutuna? Wiki za mwanzo za kunyanyua vyuma, mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kuamsha nyuzi nyingi za misuli kwa mpigo. Kwa hiyo anayekucheka kijiweni kwamba bado mwembamba, mwache acheke.

Hili linashangaza zaidi. Zoeza mkono wa kulia peke yake kwa wiki kadhaa, na wa kushoto nao utaongezeka nguvu bila kugusa chuma! Mguu mmoja ukiwa kwenye plasta, basi, mwingine usiustaafishe.

Wewe unayeamini vyuma vinamfanya mtu mzito, je, wajua kwamba mguu wa mwanariadha hodari wa mbio fupi hugusa ardhi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde tu? Na ndani ya muda huo mfupi huisukuma ardhi kwa nguvu inayoweza kupita mara nne ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni zaidi ya kilo 280 kwa mguu mmoja. Kupepesa macho tu huchukua muda mrefu zaidi!

Jirani zetu wanajua kwamba nguvu huzaa kasi. Ferdinand Omanyala wa Kenya alitokea kwenye raga, mchezo wa watu wenye misuli, na mwaka 2021 jijini Nairobi akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Mwenzake Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube. Mwaka 2015, huko Beijing, aliurusha mkuki wa gramu 800 ukaenda mita 92.72 na kumpa ubingwa wa dunia!

Na hapa kwetu? Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, aliruka juu ya mabeki wa Liverpool pale Anfield mwezi Novemba 2019 na kuifungia klabu yake ya Genk kwa kichwa. Kuruka ni miguu kuisukuma ardhi kwa nguvu nyingi ndani ya muda mfupi, na kuchuchumaa na chuma mabegani kunafundisha nguvu hiyo hiyo. Vijana wa Temeke, mnasikia?

Utasema wewe ni mtu wa mbio ndefu. Haya, Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu wetu alikimbia kilomita 42.195 na kuwa bingwa wa dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03! Baada ya saa mbili na dakika karibu kumi, kilichoamua ni hatua za mwisho. Na je, wajua kwamba mazoezi ya vyuma humfanya mkimbiaji wa masafa atumie oksijeni kidogo kwa kasi ile ile?

Na majeraha je? Mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 25 zenye washiriki zaidi ya 26,000. Mazoezi ya nguvu yalipunguza majeraha ya michezoni hadi chini ya theluthi moja. Kujinyoosha, ambako kila kocha wa mchangani anakuapia, hakukuonyesha kinga yoyote!

Mchezaji wa ndondo, hili lako ni bure kabisa. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha jishushe kifudifudi polepole huku ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja. Timu zinazofanya zoezi hilo zimepunguza majeraha ya misuli hiyo kwa takriban nusu.

Bibi na babu nao wamo! Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwapa vyuma wazee wenye umri wa karibu miaka 90. Ndani ya wiki 8, nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha kutembelea fimbo. Sasa wewe wa miaka 30 unasema umechoka?

Basi Jumamosi hii, klabu yenu ya jogging ikimaliza mzunguko wake, msikimbilie supu. Anzeni na uzito mdogo, mgongo ukiwa umenyooka, mchuchumae seti tatu kwanza. Supu itawasubiri.