Frida Kahlo na Kioo cha Kitandani: Mtoto Mwenye Maumivu katika Somo la Kuchora

Ndugu wanachuo, katika mazoezi ya kufundisha yaliyopita niliketi nyuma ya madarasa mengi wakati wa somo la sanaa, na jambo moja lilijitokeza mara kwa mara katika maandalio ya somo niliyoyasoma. Katika sehemu ya shabaha, wengi waliandika kwamba kuchora humponya mwanafunzi. Nilipowauliza wamelipata wapi wazo hilo, baadhi yao walinitajia jina la Frida Kahlo, mchoraji mwanamke wa Meksiko, ambaye uso wake siku hizi umechapwa hata kwenye mifuko na fulana. Nimeona basi yafaa kueleza maisha ya mchoraji huyo kama yalivyokuwa, ili mwalimu atakayemtaja darasani ajue anamtaja nani. Maisha yake yana mafunzo makubwa kwa ualimu, ila si yale yasemwayo kwa haraka.

Frida Kahlo alizaliwa tarehe 6 Julai 1907 huko Coyoacán, mahali ambapo leo ni sehemu ya jiji la Mexico City. Baba yake alikuwa mpiga picha aliyehamia kutoka Ujerumani. Alipokuwa na umri wa miaka sita alipatwa na polio. Mguu wake wa kulia ukabaki mwembamba kuliko wa kushoto, na watoto wenzake wakamtania. Mwaka 1922 aliingia Escuela Nacional Preparatoria, shule iliyoheshimiwa sana nchini humo na ambayo wasichana wake walikuwa wachache mno. Nia yake ilikuwa kusomea udaktari. Uchoraji haukuwamo katika mipango yake.

Tarehe 17 Septemba 1925, akitoka shuleni, basi alilopanda liligongwa na tramu. Chuma cha kushikia cha basi kilimchoma kiunoni na kupenya nyonga. Uti wa mgongo ulivunjika, na pia mtulinga, mbavu na mguu uleule ambao polio ilikwisha kuudhoofisha. Alikuwa na umri wa miaka 18. Ilimbidi kulala chali miezi mingi, kiwiliwili kimefungwa kwa plasta. Mama yake akaagiza fundi atengeneze ubao wa kuchoria ambao mtu angeweza kuutumia akiwa amelala. Rangi za mafuta zikatoka kwa baba. Na juu ya kitanda kikafungwa kioo, ili mgonjwa apate kitu cha kutazama na kuchora, nacho ni uso wake mwenyewe.

Hapa namwomba msomaji atue kidogo, kwani ndipo wengi tunapokosea. Katika nyumba ile binti alipewa ubao, rangi na kioo, kisha akaachiwa uamuzi. Naye alichora nini? Mwaka 1926 alijichora amevaa gauni la mahameli jekundu, shingo ndefu, mkono mmoja umetulia kiunoni, picha ya msichana mzima wa viungo. Aliwachora dada zake na rafiki zake. Ajali yenyewe aliigusa kwa penseli tu, katika mchoro mdogo wa haraka, wala hakupata kuitengenezea picha ya rangi iliyo yake mwenyewe. Miaka mingi baadaye aliangukia kibati cha zamani kilichochorwa na mtu mwingine, kikiwa na ajali iliyofanana sana na yake. Alikibadilisha kidogo, akamwongezea majeruhi nyusi zilizoungana kama za kwake, akaandika maneno, basi. Mtu huyu ambaye tunamsifu kwa kuchora maumivu yake hakuyachora yale makubwa kuliko yote, na hakuna aliyemshurutisha.

Naandika hivi kwa sababu kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifundisha Darasa la Nne, na siku moja niliandika ubaoni: "Chora jambo lililokuumiza." Nilidhani ni swali zuri. Watoto wengi walichora kisu, nyoka, au fimbo ya mwalimu (hili la mwisho lilipaswa kunifikirisha zaidi kuliko lilivyonifikirisha). Msichana mmoja, ambaye nilijua kwamba alikuwa amefiwa na mama yake, alichora mlango. Mlango tu, umefungwa. Nami kwa ushamba wa ujana nikamwita mbele awaeleze wenzake maana yake. Alisimama, akanitazama, akaanza kutetemeka, na darasa zima likanyamaza. Wiki nzima hakuja shuleni. Aliporudi, kila kipindi cha kuchora aliomba ruhusa ya kwenda kuchota maji, nami sikuwa na uso wa kumkatalia.

Turudi Meksiko. Frida alipoweza kutembea tena aliolewa, mwaka 1929, na Diego Rivera, mchoraji mashuhuri wa picha kubwa za ukutani, akamfuata hadi Marekani alikopewa kazi. Huko Detroit, mwaka 1932, mimba yake iliharibika. Baada ya msiba huo alichora picha ndogo kwenye bamba la chuma, iliyopewa jina la hospitali alikolazwa. Ili kuielewa, inafaa kujua desturi moja ya kwao. Mtu wa Meksiko aliyeokoka ugonjwa au ajali aliweza kumwagiza fundi amchoree tukio hilo kwenye kibati: kitanda au basi lililopinduka, juu yake mtakatifu aliyeombwa, na chini maneno machache ya shukrani. Kibati hicho, ambacho huitwa retablo, kilitundikwa kanisani. Frida na mumewe walivikusanya kwa wingi. Basi katika picha ya Detroit kipo kitanda, ipo damu, ipo anga pana, lakini mtakatifu hayumo, na shukrani hazimo. Amechukua umbo ambalo watu wa kawaida walilitumia kusema "nimeponywa", akalitumia kusema kilichomfika, bila kudai kwamba amepona. (Picha hii si ya kuwaonyesha watoto wa shule ya msingi. Naitaja kwa ajili yenu.)

Maonyesho yalichelewa kuja. Lile la kwanza la peke yake lilifanyika New York mwezi wa Novemba 1938, katika ukumbi wa Julien Levy, na sehemu nzuri ya picha zilizotundikwa zilinunuliwa. Mwaka uliofuata picha zake zilionyeshwa Paris, na serikali ya Ufaransa ikanunua moja. Mauzo haya yana uzito kuliko tunavyodhani. Mwanamke aliyezoea kutambulishwa kuwa mke wa Rivera aliona sasa kwamba angeweza kula jasho lake. Mwaka huohuo wa 1939 wawili hao walitalikiana, wakaoana tena mwaka 1940. Na katika kipindi hicho alitengeneza picha yake kubwa, Frida Wawili, ambamo wanawake wawili wenye sura moja wameketi wakishikana mikono, mioyo yao iko wazi na imeunganishwa kwa mshipa mmoja.

Je, alipona? La, mwili wake haukupona. Mwaka 1944 alivalishwa vazi la chuma la kuushikilia mgongo, na picha aliyoitengeneza mwaka huo yaonyesha nguzo ya mawe iliyopasuka mahali pa uti wa mgongo, na misumari mwili mzima. Mwaka 1946 alipasuliwa mgongo New York. Baada ya hapo alichora wanawake wawili tena, mmoja amelala na majeraha wazi chini ya jua, mwingine ameketi wima chini ya mwezi, amevaa vizuri, ameshika mkononi lile vazi la kumbana. Mwaka 1950 alikaa hospitalini miezi mingi na kupasuliwa tena na tena. Dawa za kutuliza maumivu na pombe viliingia kwa wingi katika siku zake, na katika picha za mwisho mkono haukutii kama zamani.

Mwezi wa Aprili 1953 hatimaye ilifika zamu ya nchi yake kumfanyia maonyesho ya peke yake, katika ukumbi wa rafiki yake mpiga picha, Lola Álvarez Bravo. Madaktari walimkataza kuondoka kitandani. Yeye akaagiza kitanda chenyewe kitangulie ukumbini, kisha akaja kwa gari la wagonjwa, akabebwa, akalazwa katikati ya picha zake, watu wakapita mmoja mmoja kumsalimu. Mwezi wa Agosti mguu wake wa kulia ulikatwa. Alifariki tarehe 13 Julai 1954, akiwa na umri wa miaka 47. Nyumba yake ya Coyoacán ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1958.

Mtu akisema kwamba sanaa ilimponya Frida, basi, amesema lisilokuwa kweli, na mwanafunzi mwenye ulemavu aketiye mbele yake atalijua hilo kabla ya mwalimu. Sanaa ilimpa kazi ya kufanya kila alipoweza kuketi, ikampa riziki, ikampa namna ya kusema. Katika mwili ambao madaktari, mabasi na mifupa waliufanyia walivyotaka, palibaki mahali pamoja ambapo yeye ndiye aliyeamua nini kionekane na nini kisionekane. Mimi naliona hilo kuwa kubwa la kutosha, bila kuliongezea neno "kupona".

Wanachuo wengi hawajui kwamba Frida alikuwa pia mwalimu. Mwaka 1943 aliajiriwa katika shule ya uchoraji na uchongaji ya serikali iliyojulikana kwa jina la La Esmeralda. Afya ilipomzuia kwenda mjini, wanafunzi walimfuata nyumbani Coyoacán. Safari ilikuwa ndefu, idadi ikapungua, wakabaki wanne ambao watu waliwaita "Los Fridos". Hakuwafundisha kuchora maumivu yao, wala yake. Aliwaelekeza kutazama vyungu na matunda ya nyumbani, wanyama wa uani, watu wa sokoni na mitaani. Na mwaka uleule aliwapatia kuta za kilabu kimoja cha pombe cha jirani wazipambe kwa picha. Pombe yenyewe hugemwa katika mmea wa jamii ya mkonge, na mkonge wetu wa Tanga asili yake ni hukohuko Meksiko, ulifika kwetu mwaka 1893. Habari kama hiyo huwachangamsha sana watoto wa Darasa la Sita.

Kwa somo lenu, anzeni na kioo. Vioo vidogo vya mfukoni vitano vyatosha darasa la watoto hamsini, wakikaa kwa vikundi na kupokezana. Mkaa na karatasi za upande mmoja zafaa kabisa. Agizo liwe jepesi na la wazi: "Chora uso wako kama unavyotaka uonekane." Asiyetaka kujitazama achore alichonacho mezani. Mtoto mwenye kovu au jicho bovu asihimizwe kulichora wala kulificha. Huenda akalichora siku ya tatu, huenda asilichore kamwe. Mwalimu apite kati ya madawati akizungumzia mistari, vivuli na nafasi kwenye karatasi, asiulize "Hii maana yake nini?" isipokuwa mtoto ameanza mwenyewe kueleza.

Iko picha ambayo mwalimu haruhusiwi kuinyamazia. Ikiwa mchoro, au maneno aliyoyasema mtoto pembeni yake, yanaonyesha kwamba anapigwa au anadhuriwa, zungumza naye faraghani baada ya kipindi, kwa upole, na siku hiyohiyo umwone mwalimu wa ushauri na mwalimu mkuu. Hilo si somo la sanaa tena, wala si jambo la kulitatua peke yako.

Na mwisho wa kipindi, wakati wa kutundika picha ukutani, msizikusanye ninyi. Wekeni pini na gundi juu ya meza ya mbele, kila mwanafunzi alete yake kwa mkono wake na kuitundika anapopenda. Watakaozibakiza ndani ya madaftari wasihesabiwe kuwa hawakufanya kazi, nanyi mnapojaza alama wapeni sawa na wengine.